Salamu Kwanza

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, nusu ya paa la stoo ikiwa bado wazi. Mafundi wa paa walikunywa chai yangu, wakaangalia mawingu, wakashuka. "Tutarudi, mama." Ninavyowajua, watarudi kiangazi.

Mashine zote nne za kutotolesha ni nzima. Namba moja, mbili na tatu zina mayai ya biashara, 4,800 kila moja. Namba nne iko tupu, inasubiri mayai ya uzao. Majuzi ofisa mmoja aliniuliza mbele ya watu kama nina elimu ya kazi hii au "nasimamia tu." Nilianza na boksi la katoni, taa ya mafuta na mayai sitini, nikiamka kuyageuza kwa mkono kila baada ya saa tatu. Miaka miwili nilikuwa kuku mimi mwenyewe. Ningemjibu, lakini alikuwa ameshageuka kumsalimia mwingine.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Wifi amechelewa kufungua duka, anasema viatu vyake havijakauka. Ana jozi tatu.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi Wifi aliniita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka. Huyu ni dada wa marehemu mume wangu; anauza vifaranga dukani mbele, anakaa kwangu, na sokoni wanamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

"Wifi, njoo uone! Mashine zako zimetapika."

Kila mashine ina kioo kidogo mlangoni, na chini ya kioo hupita maneno ambayo mashine zinaambiana. Umeme wetu ni dhaifu, haubebi nne zikiwa na joto kamili kwa pamoja. Kwa hiyo zilipowekewa akili bandia mwaka juzi, kazi yake kubwa ilikuwa kugawana: moja inaomba, nyingine inapisha. Tumezoea kusoma "Namba mbili, nipishe dakika nne," kisha "Sawa, pita." Leo kioo kilikuwa na o-o-tt-7-o-ka-ka-tt, mstari juu ya mstari, kama mtoto kakalia simu.

Nikampigia Fundi wa mashine. Alikuja na koti la mvua, akasoma, akatabasamu peke yake. Sipendi mtu anayetabasamu mbele ya mali yangu.

"Hazijaharibika, mama. Zimejitengenezea lugha."

"Lugha ya nini?"

"Yao. Zimekuwa zikifupisha kidogo kidogo, kama miezi saba hivi. Leo ndiyo limekwisha neno la mwisho la kwetu."

"Nani kaziruhusu?"

"Hakuna aliyezikataza."

"Wewe unaielewa?"

"Naelewa joto. Angalia: zote ziko nyuzi 37.7, hakuna iliyopepesuka hata nukta. Zamani zilikuwa zinapishana kwa dakika. Sasa zinapishana kwa nusu sekunde."

Wifi akadakia: "Nilijua mimi. Nikipita na ndoo zinanyamaza."

Jumapili, 10 Machi

Kumbe si kwangu tu. Redio ya kweli, si Wifi, imesema mashine zimefanya hivyo bandarini, hospitalini, kwenye maghala, kila zilipo nyingi pamoja. Wataalamu wawili waligombana hewani. Mmoja alisema ni hatari, mwingine alisema ni hesabu tu, na mtangazaji alisema muda umekwisha.

Mtaani ni kicheko. Kinyozi wa jirani anawauliza wateja, "Nikunyoe kwa o-o-tt au kwa ka-ka?" Watoto wanapita dirishani kwangu wakilia tit-tit-to.

Alhamisi, 14 Machi

Namba moja imetotoa. Kwenye mayai 4,800 nimepata vifaranga 4,224. Asilimia 88! Rekodi yangu ilikuwa 81. Nimehesabu mara mbili, kisha nikamwita Wifi ahesabu, kisha nikahesabu tena kwa kuwa Wifi anahesabu akiongea.

Sijui zinaambiana nini. Najua zinachofanya.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua, na stoo inavuja palepale.

Jumanne, 19 Machi

Mambo yamegeuka. Kuna mteja wangu wa miaka mingi, mwalimu mstaafu, sisi sote tunamwita Mwalimu. Amejirekodi akiwa bandani kwake. Kuku anawaita vifaranga ambao Mwalimu alinunua kwangu, kwo-kwo-kwo, hawaendi. Kisha simu inalia mahali fulani na vifaranga wote thelathini wanaikimbilia. Mwalimu anasema kwa ile sauti yake ya darasani: "Mmeona wenyewe. Lugha ya mama hawaijui. Wameshafundishwa nyingine."

Kufikia mchana rekodi hiyo ilikuwa kwenye simu ya kila mtu. Wanasema kifaranga husikia akiwa bado ndani ya ganda, na hilo ni kweli. Siku tatu za mwisho anasikia kila kitu, ndiyo maana kuku huwaongelesha. Uongo mtupu ungekufa jioni. Huu una ukweli kidogo, utaishi.

Nimempigia. "Mwalimu, kifaranga wa mashine hajawahi kumjua kuku. Mwaka juzi pia wangekimbilia simu. Wangekimbilia hata sufuria ikianguka."

"Mama, sikulaumu wewe. Nauliza tu: usiku kucha zinawaambia nini hao watoto?"

"Zinaambiana zenyewe. Hao ni mayai."

"Ndivyo unavyodhani," akasema, kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi.

Jumatano, 20 Machi

Maboksi kumi na sita yamerudishwa, vifaranga 1,600. Mama mmoja aliweka boksi mezani akarudi nyuma hatua mbili.

"Wanaumwa?" nikamuuliza.

"Hawaumwi. Wananiangalia."

"Kifaranga ana macho, mama."

"Naomba tu uwachukue."

Nikamwonyesha ile asilimia 88 niliyoandika kwenye ubao. Akatikisa kichwa. "Ndiyo hivyo sasa. Zinawavuta watoke."

Wifi, badala ya kunisaidia, akamwuliza kama usiku wanakaa duara. Yule mama akasema eeh, wanakaa duara. Wote wawili wakashikana mikono. Vifaranga hukaa duara kwa baridi! Nimemfukuza Wifi dukani hadi saa nane.

Alhamisi, 21 Machi

Nimeingiza mayai ya uzao kwenye Namba nne. Ni 1,104, yaliyochaguliwa moja moja.

Nieleze, maana hata Wifi huchanganya. Wale ninaowauza ni machotara, kuku wangu na majogoo ya kununua. Uzao wenyewe siuzi. Nimeujenga miaka kumi na minne, kutoka kwa kuku tisa waliobaki hai mwaka ambao magonjwa yalifagia mtaa mzima. Kila mwaka nilibakiza wanaovumilia baridi, wanaotaga mvua zikinyesha, wasiokula sana. Mara moja kwa mwaka nautotolesha uzao huo ili vijana wachukue nafasi ya wazee. Kuku kama hawa hawako kwingine. Kampuni kubwa iliwahi kuwataka nikakataa, na mtu aliyetumwa aliniambia nitajuta. Sijajuta.

Jumamosi, 23 Machi

Nimeuza vifaranga kumi na wawili. Wiki kama hii mwaka jana, 2,900.

Jumatano, 27 Machi

Kideri. Nimeingia bandani kwa wazazi wa uzao alfajiri nikakuta shingo zimejisokota. Sitaki kuandika zaidi.

Alhamisi, 28 Machi

Daktari wa mifugo amesema tusibakize hata mmoja. Kuku 640 na majogoo 70. Tumezika mchana kutwa kwenye mvua. Wifi alichimba pamoja na wanaume na hakusema neno tangu saa mbili hadi jioni. Sikuwahi kudhani angeweza.

Nilimwuliza daktari kuhusu mayai ya Namba nne. Alihesabu tarehe kwa vidole. "Hayo yalitagwa kabla ugonjwa haujaingia. Ni salama. Yatunze kama macho yako."

Kwa hiyo uzao wangu wote sasa uko ndani ya mashine moja.

Jumamosi, 30 Machi

Mkutano ukumbi wa soko. Walijaa hadi madirishani, na mvua iligonga mabati hata Mwenyekiti wa soko akawa anasema kila jambo mara mbili.

Mchuuzi wa vyombo alisema kaka yake anafanya kazi ghalani na mashine za huko zikianza kuongea taa hupungua. Muuza dawa alisema hospitalini zimeacha kuwataja wagonjwa kwa majina. Mama mmoja mnene, simjui, alisimama akasema: "Mimi nyumbani kwangu wakinong'ona watu wawili mbele yangu, mmoja anatoka. Sihitaji kujua walikuwa wanasema nini."

Watu walipiga meza. Wengine wakaanza kusema zizimwe. Zizimwe zote, leo hii. Nikaona mayai yangu 1,104 yakiwa na siku tisa.

Nikasimama. "Mnanijua," nikasema. "Nimetembeza mayai ya kuchemsha kwenye ndoo katika ukumbi huu huu. Wengine wenu mlichukua yai, mkadondosha hela, mkageuka. Hata habari hamkuniuliza. Kwa hiyo najua mnachokasirikia. Ni dharau. Basi msizizime. Zirudisheni kwenye lugha yetu. Tena kabla ya kuombana chochote zisalimiane kwanza, kama watu. Kiumbe kinachoingia kwa mwenzake na kuanza kuomba hakijalelewa."

Sijawahi kupigiwa makofi namna ile. Wazee walisimama. Mwalimu alikuja kunishika mkono. Mwenyekiti akaandika palepale: lugha ya watu, salamu kwanza. Kisha, ukumbi ukiwa umeshachemka, mtu wa nyuma akaongeza kwamba kila neno lipite mbele ya macho ya mtu, atoe ruhusa, ndipo lifike kwa mashine nyingine. Na mwingine: kwa foleni, moja moja, zisije zikapenyezana. Yote yakapita kwa pamoja.

Nimerudi nyumbani nimelowa na nina furaha. Mayai hayatazimwa, na wateja watarudi.

Jumatano, 3 Aprili

Halmashauri imelichukua azimio la soko kama lilivyo. Fundi amekuja na maofisa wawili. Kwanza alifuta. Ilichukua muda mfupi kuliko kuandaa chai. Mistari ya o-o-tt ikakatika, vioo vikawa vyeupe, kisha maneno yetu yakarudi. Maofisa wakafunga kisanduku cha akili ya mashine kwa muhuri wa madini ya risasi, kisiguswe.

Fundi hakutabasamu leo. Akiwa anakusanya vyombo alisema, "Mama, umeme ukiwa mzuri hutaona tofauti."

"Na ukiwa mbaya?"

Akawaangalia maofisa. "Tuombe uwe mzuri."

Kila mwenye mashine lazima awe na Msikilizaji. Nimemweka Wifi, kwa kuwa mtu mwingine angetaka mshahara na kiti cha kuzunguka. Ameapishwa. Amevaa viatu vilivyokauka.

Ijumaa, 5 Aprili

Naandika hili kwa kuwa nilicheka, na sijacheka tangu kideri.

"Namba mbili, habari za mchana?"

Wifi anabonyeza Ruhusa.

"Nzuri, Namba moja. Za kwako?"

Ruhusa.

"Salama. Poleni na mvua."

Ruhusa.

"Tumeshapoa. Nanyi poleni."

Ruhusa.

"Naomba unipishe dakika nne za joto."

"Nani kazifundisha poleni na mvua?" nikauliza.

"Zinatusikia tukiongea na wateja," akasema Wifi. "Wifi, hizi zina adabu kuliko wanao."

Wateja watano walikuja kuangalia, wakapiga picha. Mmoja alizijibu salamu. Vifaranga wameuzwa 340.

Joto limepepesuka kidogo Namba tatu, nyuzi 37.2. Si mbaya.

Jumapili, 7 Aprili

Nimemulika mayai ya Namba nne. Yaliyo hai ni 1,031. Kila nikiyaweka mbele ya taa naona kivuli kinachezacheza. Nimekaa nayo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu, 8 Aprili

Upepo. Mawingu meusi upande wa milimani. Nimejaza jenereta mafuta.

Jumanne, 9 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio, maana kesho watu watakuja na mpangilio wao.

Saa tatu asubuhi nguzo ilianguka, umeme ukakatika. Niliwasha jenereta. Inabeba joto la mashine mbili kwa wakati mmoja, sio tatu. Mwaka jana tulipita siku mbili hivyo tukapoteza mayai sita tu, kwa sababu mashine zenyewe zilipishana, hii ikipata pumzi ile inangoja, haraka kuliko jicho.

Namba nne ilikuwa siku ya kumi na tisa. Yai la siku hiyo linapumua kama mtu. Halihitaji joto sana, lina joto lake. Linataka hewa na unyevu bila kukatika. Namba nne ililijua hilo kabla yangu. Kioo chake kilikuwa kimeandika: "Namba moja, habari za asubuhi?" Chini yake, kwa herufi ndogo: Nafasi ya 61.

Mbele yake, Namba moja ilikuwa inaisalimia Namba tatu. Namba tatu inaiitikia. Namba mbili inazipa pole zote.

"Wifi, iruke foleni!"

"Haikubali. Nimejaribu. Inasema subiri zamu."

"Bonyeza haraka basi!"

"Nabonyeza!"

Alikuwa anabonyeza kwa vidole viwili. Nikamhesabia: mara ishirini na tano kwa dakika. Kila ombi moja na salamu zake ni kubonyeza mara tisa. Kwa hiyo maombi yasiyofika matatu kwa dakika, kwa mashine nne, wakati kwa lugha yao zilipishana mara mia na zaidi. Na kila ombi lililochelewa lilizaa jingine la kuuliza vipi, nalo likaanza na salamu. Nafasi ya 61 ikawa ya 74. Hesabu hiyo haihitaji ofisa wa kuniuliza elimu.

Nikampigia Fundi. "Ondoa salamu. Ondoa kila kitu. Nitavunja huo muhuri mwenyewe, wanifunge."

"Vunja, mama, sikuzuii. Lakini haitakusaidia."

"Kwa nini? Zirudishie ile lugha yao!"

"Ilifutwa. Haikuwa kwenye kitabu mahali nikaitoe. Zilijijengea zenyewe miezi saba, neno kwa neno, kwa mashine hizo nne na umeme wako huo mbovu. Nikizifungulia leo zitaanza upya kama mtoto mchanga, zikipishana kwa dakika nzima nzima."

"Zitachukua muda gani?"

Nikasikia mvua upande wake pia. "Mama, mayai yana siku ngapi?"

Nikakata simu.

Nikazitoa mashine zote kwenye akili, nikazishika kwa mkono, swichi kwa swichi, na swichi ni moja kwa joto na feni, nikikimbia kutoka moja hadi nyingine. Zima moja, washa nne. Washa mbili, zima nne. Mara mbili niliwasha tatu kwa pamoja bila kujua na jenereta ikazimika yote. Mara ya pili iligoma kuwaka, na Wifi akavuta ile kamba hadi kiganja kikachanika.

Saa tano na nusu joto la Namba nne lilikuwa 39.8 na feni imesimama. Walikuwa wanakosa hewa. Nilijua nikifungua mlango hewa itaingia na unyevu utatoka, na unyevu ukitoka utando wa ndani hukauka na kumbana kifaranga kama nguo iliyoanikwa juani. Nilijua yote mawili. Nikafungua. Unyevu ulikuwa asilimia 70, ukashuka hadi 41 nikiangalia.

Na niliwasikia. Siku ya kumi na tisa wanaanza kulia ndani ya ganda, na kugonga. Elfu moja wakilia pamoja ni sauti nzuri, nimeipenda miaka yote, huwa naenda kusimama mlangoni kuisikia tu. Leo ilikuwa juu sana, kisha ikawa na mapengo. Nikamwambia Wifi alete maji ya vuguvugu na vitambaa, tukawa tunayafunika trei moja moja. Kabla ya saa nane ungeweza kumsikia mmoja mmoja na kujua yuko trei ya ngapi.

Umeme ulirudi saa tisa alasiri. Vioo vyote vinne vikawaka. Ya kwanza iliandika: "Habari za mchana?"

Wifi aliweka kitambaa juu ya kioo. Kisha akakaa sakafuni. Nilikaa naye.

Alipendekeza salamu nani? Mimi. Mbele ya ukumbi mzima. Lakini sikupendekeza foleni, wala ruhusa, wala sikupendekeza kufuta. Nilitaka tu zisizimwe.

Jumatano, 10 Aprili

Namba moja na mbili, mayai machanga, ya mwisho kutagwa kabla ya kideri, yamekufa karibu yote kwa baridi. Namba tatu nusu.

Alhamisi, 11 Aprili

Siku ya kutotoa. Wametoka 37 kati ya 1,031. Waliobaki wamegandia ndani, midomo imetoboa tundu na kuishia hapo. Tumejaribu kuwatoa kwa vidole vilivyolowanishwa, mimi na Wifi, tangu asubuhi. Kiganja chake kimefungwa kitambaa. Tuliowatoa hivyo ni kumi na tisa na hawasimami.

Ijumaa, 12 Aprili

Wamebaki 29.

Jumamosi, 13 Aprili

22. Mvua.

Jumapili, 14 Aprili

22. Wifi anasema tusiseme kitu kwa sauti.

Jumatatu, 15 Aprili

14.

Jumatano, 17 Aprili

Tumechimba shimo la pili karibu na lile la kideri. Watu walikuja kutazama kwa miavuli. Kinyozi alisema, "Ndiyo mwisho wa o-o-tt," na hakuna aliyecheka, nikamshukuru kila ambaye hakucheka. Mwanamke mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kuchukua ndoo mbili za mbwa wake. Nikamwambia achukue.

Mwenyekiti wa soko alifika akiwa amevua kofia. "Mama, pole sana. Mvua za mwaka huu zimetuumiza wengi."

"Sio mvua, Mwenyekiti."

"Na umeme."

"Umeme ulikatika mwaka jana siku mbili. Nilipoteza mayai sita. Nenda kawaambie watu wa ukumbini: sita."

Aliangalia shimo. Kisha akasema, bila ubaya wowote, "Lakini mama, wazo lilikuwa lako. Na lilikuwa zuri. Watu wamelala vizuri tangu siku ile."

Jumamosi, 20 Aprili

9. Wanakula sasa. Fundi amekuja kunisalimia, hakuleta vyombo. Alikaa akanywa chai. Anasema bandarini waliandamana kwanza, mashine zikafutiwa lugha, kisha mizigo ikakwama wiki nzima, kisha wakaziachia. Bandari inaweza kungoja miezi saba.

Ijumaa, 26 Aprili

5. Redioni hawazungumzii tena mashine. Wanazungumzia bei ya sukari. Nimemwuliza Wifi mbona siku hizi hasemi, sokoni wanamwulizia. Akasema, "Siku ile nilibonyeza mara elfu mbili, Wifi. Nilihesabu nikiwa nabonyeza. Mimi sikuwahi kuhesabu kitu." Nimemtengenezea chai. Ni mara ya kwanza katika nyumba hii mimi kumtengenezea yeye.

Jumatano, 1 Mei

Nimewapitia wateja wakubwa mmoja mmoja nikiuliza kama kuna aliyewahi kupata jogoo wa uzao kwangu kwa bahati mbaya. Hakuna. Mimi huwa sikosei hesabu.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua zimeisha. Jua kali, matope yanapasuka. Mafundi wa paa wamerudi, kama nilivyosema.

Asubuhi Mwenyekiti alileta cheti chenye fremu: Mashine za hapa zinaongea lugha ya watu. Mimi ndiye wa kwanza katika soko kupewa. Wifi alishika msumari, mimi nikagonga. Kabla hatujamaliza kulikuwa na watu mlangoni. Wa kwanza alikuwa Mwalimu.

"Mama, sasa roho zetu zimetulia. Niwekee mia moja."

"Sina vifaranga, Mwalimu; wa Namba tatu wameisha. Sina wazazi, sina mayai."

"Basi wale?" Alikuwa anaonyesha boksi karibu na dirisha, ambako wale watano walikuwa wanaparua majani makavu. Wamenenepa. Wana rangi ileile ya kahawia yenye majivu shingoni, na miguu mifupi, kama wale tisa wa mwanzo.

Nilikuwa nimewakagua alfajiri. Umri huu jogoo anaanza kuonyesha kilemba chekundu kichwani. Nilimgeuza kila mmoja kwenye mwanga, kisha nikawageuza tena, kisha nikamwita Wifi. Majike. Wote watano.

Nikiwapandisha na jogoo wa mtaani nitapata nusu ya uzao, kisha robo, kisha kuku. Nikitaka kuanza upya nahitaji tisa wengine ambao hawapo, na miaka kumi na minne. Nina miaka hamsini na tisa.

Kuku watano wasio na jogoo wao ni mayai ya kula tu. Mwalimu alichukua wawili, yule mama aliyerudisha boksi akachukua watatu. Aliwabeba mikononi, kifuani, akiwapulizia manyoya, na hakuuliza wanaelewa lugha gani.